Kuchanganya picha na teksicha: uso wa mtu ndani ya ukuta wa chokaa

Watu wengi wanaojifunza kuunganisha picha ya mtu na picha ya ukuta mkongwe, ili zizae kazi moja ya sanaa, huanza mahali pasipostahili. Hufungua orodha ya namna za kuchanganya leya, yaani picha zinazopangwa moja juu ya nyingine ndani ya programu, wakazijaribu moja baada ya nyingine, na kusimama pale macho yanaporidhika. Mimi pia nilifanya kazi hivyo kwa muda mrefu. Siku hizi orodha ile naifungua nikiwa nimeshamaliza nusu ya kazi, kwa sababu kinachoamua kama picha mbili zitakubali kukaa pamoja ni mwanga, na mwanga hauko kwenye orodha hiyo. Ukuta uliopigwa jua kutoka kulia hautakubali kamwe kuwa ngozi ya mtu aliyepigwa jua kutoka kushoto, hata ukizipitia namna zote za kuchanganya zilizomo katika programu.

Mfano nitakaoutumia hapa ni picha ya shangazi yangu akiwa amekaa barazani asubuhi, jua likimwangaza kutoka upande wa kushoto wa picha, pamoja na picha ya ukuta wa Mji Mkongwe wa Unguja ambao chokaa yake imebanduka hadi mawe ya matumbawe yakachungulia. Nia yangu ilikuwa uso wake uonekane kana kwamba umechorwa juu ya ukuta huo miaka mingi iliyopita, na mvua na chumvi ya bahari vikaula pamoja na ukuta wenyewe. Picha ya ukuta ndiyo inayoitwa teksicha: picha ambayo haikupigwa kwa ajili ya kuonyesha kitu, bali kwa ajili ya mparuzo wa uso wa kitu hicho, yaani nyufa, vumbi, kutu, nyuzi au madoa yake. Mabati yaliyoshika kutu, ubao wa jahazi, mkeka uliochakaa, gome la mbuyu na karatasi iliyomwagikiwa chai, vyote ni teksicha nzuri, na vyote vinapatikana bila kulipa senti.

Kwa upande wa programu, nitafuata GIMP, ambayo hupatikana bure na hufanya kazi kwenye kompyuta za kawaida. Iliandikwa na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na ilianza kutolewa kwa umma mwaka 1996. Anayetumia Photoshop au Krita atazikuta hatua hizi karibu zote, kwa majina yaleyale au yanayofanana. Majina ya vitufe nitayaandika kama yanavyoonekana kwenye skrini, ili msomaji asipotee akiyatafuta.

Tuanze na kupiga picha ya teksicha, kwani hapa ndipo makosa mengi huzaliwa. Simama uso kwa uso na ukuta, kamera ikiwa sambamba nao, usije ukapata ukuta unaokonda upande mmoja kama barabara inayokwenda mbali. Kisha angalia jua liko wapi. Katika nchi zetu zilizo karibu na ikweta, jua la saa sita mchana huwa karibu juu ya utosi, na mwanga wake huteremka ukiukwangua ukuta kutoka juu kwenda chini. Kila kibanzi cha chokaa hutupa kivuli kirefu kuelekea ardhini. Picha ya namna hiyo huvutia sana ikitazamwa peke yake, lakini ukiiweka juu ya uso ulioangazwa kutoka pembeni, jicho la mtazamaji hugundua mara moja kwamba kuna uongo, hata kama mwenyewe hawezi kusema uongo uko wapi. Mimi hupiga kila ukuta mara mbili: mara moja siku ya mawingu au wakati ukuta uko kivulini, ili nipate mparuzo usio na upande, na mara nyingine asubuhi au alasiri, jua likiwa pembeni. Ile ya mawingu ndiyo ninayoitumia zaidi.

Ikiwa teksicha unaitoa kwenye intaneti badala ya kuipiga mwenyewe, soma leseni yake kabla ya kuipakua. Picha iliyowekwa chini ya CC0 unaweza kuitumia utakavyo. Iliyo chini ya CC BY inakutaka umtaje aliyeipiga. Nyingine zinakataza matumizi ya biashara au mabadiliko ya aina yoyote. Picha isiyo na leseni haina maana kwamba haina mwenyewe. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania Bara ya mwaka 1999 na ile ya Kenya ya mwaka 2001 zote zinailinda picha bila kumtaka mpiga picha aisajili kwanza.

Sasa ukubwa wa kazi. Amua mapema kama kazi itabaki kwenye simu au itachapishwa. Karatasi ya A3 ikichapishwa kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji picha ya pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 3508 kwa 4961, na A2 inahitaji 4961 kwa 7016. Niliwahi kutengeneza bango la A2 kwa teksicha ya kutu ambayo rafiki yangu alinitumia kwa WhatsApp, na WhatsApp, kama inavyojulikana, huipunguza picha ikitumwa kwa njia ya kawaida. Kwenye skrini sikuona kasoro. Bango lilipotoka kwa mchapishaji, kutu ilikuwa vijumba vya mraba kama dama, na gharama ya kuchapisha upya ilitoka mfukoni mwangu, kwa haki kabisa. Tangu siku hiyo nikitumiwa picha naomba itumwe kama faili, na teksicha yoyote ninaipunguza tu, sithubutu kuikuza. Kuipunguza kuna faida nyingine pia: kibanzi cha chokaa kilichokuwa na ukubwa wa kiganja kikilala juu ya shavu hulifanya shavu lionekane dogo kama ganda la korosho, lakini ukiupunguza ukuta mpaka nyufa zake zikaribiane na mikunjo ya ngozi, vitu hivyo viwili huanza kuonekana kama vya mwili mmoja.

Fungua picha ya mtu katika GIMP, kisha ilete picha ya ukuta juu yake kwa amri ya Open as Layers iliyoko kwenye menyu ya File. Hapo una leya mbili: uso chini, ukuta juu. Kabla ya kugusa kitu kingine, fanya nakala ya leya ya uso na uifiche; siku utakapoharibu, utaishukuru. Linganisha mwanga. Ikiwa vivuli vya nyufa vinaangukia upande usiolingana na vivuli vya uso, igeuze leya ya ukuta kama kwenye kioo kwa amri ya Flip Horizontally. Ukuta hauna kushoto wala kulia, kwa hiyo hakuna atakayejua, isipokuwa kama juu yake kuna maandishi; nimewahi kuona kazi nzuri ya mtu ikiwa na tangazo la duka linalosomeka kinyumenyume.

Kinachofuata ni kuondoa kwenye ukuta vitu viwili ambavyo kazi haivihitaji, yaani rangi yake na mabaka yake makubwa ya mwanga na giza. Rangi huondolewa kwa Desaturate, iliyoko kwenye menyu ya Colors. Mabaka huondolewa kwa kichujio cha High Pass, ambacho kiko ndani ya Filters, sehemu ya Enhance. Kichujio hiki hufuta tofauti kubwa za mwanga na kubakiza tofauti ndogondogo, na matokeo yake ni leya ya kijivu cha katikati ambayo juu yake nyufa na vibanzi vimechorwa kwa weusi na weupe kidogo. Kipimo chake kisiwe kidogo mno, la sivyo ukuta utafanana na mchoro wa kalamu. Wala kisiwe kikubwa mno, kwani mabaka yatarudi. Kwa picha ya pikseli 3500 mimi huanza karibu na 30, kisha nafuata macho. Wanaopenda rangi ya ukuta wasiwe na wasiwasi, maana rangi tutairudisha mwishoni tukiwa tunaitawala sisi wenyewe.

Sasa tufungue orodha ya namna za kuchanganya, na hapa nina ugomvi kidogo na mafunzo yanayopatikana mtandaoni. Mengi yao humwambia mwanafunzi achague Multiply, kwa sababu Multiply hufuta weupe wa teksicha na kubakiza nyufa nyeusi. Ni kweli, lakini mafunzo hayo kwa kawaida hutumia uso wa Mzungu. Tuangalie hesabu yenyewe. Katika picha ya kawaida kila pikseli ina thamani kati ya 0, ambayo ni weusi kamili, na 255, ambayo ni weupe kamili. Multiply huchukua thamani ya leya ya chini, huizidisha kwa thamani ya leya ya juu, kisha hugawanya kwa 255. Shavu jeupe lenye thamani ya 210 likikutana na ukuta wenye thamani ya 180 hutoa 148, na bado linaonekana vizuri. Shavu la shangazi yangu upande wa jua lina 140. Likikutana na ukuta uleule linakuwa 99. Upande wa kivuli lina 60, na linashuka hadi 42. Uso uliokuwa na joto la asubuhi unageuka masizi, na mwanafunzi anadhani tatizo ni kamera yake.

Kwa ngozi nyeusi, namna mbili ndizo zinazofaa kuanza nazo. Ya kwanza ni Overlay, au ndugu yake mpole Soft light. Hizi hutazama kijivu cha katikati, yaani 128, kama kitu kisichokuwepo. Kilicho juu ya hapo hung'arisha na kilicho chini ya hapo hutia giza. Ndiyo sababu tulipitia High Pass kwanza. Shavu lenye 60 likikutana na kibanzi chenye 180 kwa Overlay linapanda hadi 85, na likikutana na ufa wenye 90 linashuka hadi 42, kwa hiyo wastani wa uso unabaki palepale ulipokuwa huku mparuzo ukionekana. Kwenye kivuli kizito cha shingo, penye thamani ya 15, tofauti hiyo inakuwa kati ya 11 na 21 tu, nayo haionekani kwa macho. Hilo si kasoro. Ukuta halisi nao hauonyeshi mikwaruzo yake gizani, na mtazamaji anaamini kazi yako kwa sababu hiyohiyo. Anayefuata mafunzo ya zamani ajue kwamba katika matoleo ya GIMP ya kabla ya 2.10, lililotoka mwaka 2018, Overlay ilikuwa na hitilafu iliyoifanya itoe matokeo yaleyale ya Soft light, ndiyo maana vipimo vya wakati huo havilingani na vya sasa.

Namna ya pili ni Screen, ambayo ni kinyume cha Multiply: weusi wa leya ya juu hutoweka na weupe hubaki. Chukua nakala ya picha ya asili ya ukuta, ile isiyopitia High Pass, iondoe rangi, kisha kwa Levels, chombo cha menyu ya Colors kinachopanga weusi na weupe wa picha, izamishe mpaka sehemu kubwa iwe nyeusi na vibaki vibanzi vyeupe vya chokaa peke yake. Ukiiweka juu ya uso kwa Screen, chokaa inaonekana imegandia ngozini kama unga, na weusi wa ngozi haujapungua popote ambapo chokaa haipo. Matokeo haya kwenye uso mweupe hayapatikani, maana weupe juu ya weupe hauonekani. Hapa ngozi yetu ndiyo karatasi iliyo bora zaidi, na inashangaza kwamba mafunzo machache sana yanalisema jambo hili.

Usiache leya yoyote kati ya hizi ionekane kwa asilimia 100. Kipimo kiitwacho Opacity, kilicho juu ya orodha ya leya, ndicho kinachoamua leya ionekane kwa kiasi gani. Mimi huweka Overlay kati ya 40 na 60, na Screen kati ya 20 na 35, kisha naondoka kwenye kompyuta kwa muda. Nikirudi, karibu kila mara napunguza.

Baada ya hapo huja maski, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Maski ni karatasi isiyoonekana iliyoambatanishwa na leya: unapopaka weusi juu yake, leya inafichika mahali hapo, unapopaka weupe, inarudi. Hakuna kinachofutwa, na ndiyo maana anayetumia kifutio badala ya maski anajitafutia majuto. Bofya leya ya ukuta kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Add Layer Mask, na uchague iwe nyeupe. Chukua brashi laini, kubwa, yenye rangi nyeusi na nguvu ya asilimia 15 hivi, uanze na macho. Macho lazima yasafishwe, si kwa sababu ya urembo bali kwa sababu ufa unaopita katikati ya mboni humfanya mtu aonekane amejeruhiwa. Kwa shangazi nilisafisha jicho la upande wa jua karibu lote, na lile la upande wa kivuli nikaliacha na mparuzo kidogo kwenye kope ya juu. Midomo niliipunguzia nusu. Paji la uso sikuligusa kabisa, kwani mikunjo yake na nyufa za ukuta zilikuwa zimeshaanza kuelewana zenyewe: ufa mmoja ulioanzia nje ya picha ulikuja kuangukia juu ya kunjo la kati ya nyusi kana kwamba ulitumwa. Bahati kama hiyo haitengenezwi, ila inaweza kutafutwa, kwa kuisogeza leya ya ukuta huku na huko kabla ya kuanza kupaka maski.

Kwenye kingo za kichwa na ushungi usipake kwa brashi laini. Hapo uso unapaswa kuishia kama chokaa inavyoishia, kwa vipande vilivyokatika ovyo. Njia ya kufanya hivyo ni kunakili sehemu ya picha ya ukuta yenyewe, kuikaza kwa Levels mpaka ibaki nyeusi na nyeupe tupu, na kuibandika ndani ya maski ya leya ya uso, baada ya kuweka nakala ya ukuta chini ya uso huo. Ukuta wenyewe ndio unaoamua ni wapi uso umebanduka, na mkono wako hauonekani popote. Tofauti kati ya kingo iliyopakwa kwa brashi ya duara na kingo iliyokatwa na ukuta wenyewe ni kubwa, na mtu asiyejua lolote kuhusu programu hizi ataihisi.

Bado teksicha inaweza kuonekana kama pazia lililoanikwa mbele ya uso, kwa kuwa nyufa zinakwenda moja kwa moja huku pua na shavu vikiwa vimebinuka. Ikiwa hali ni hiyo, tumia kichujio cha Displace kilichoko ndani ya Filters, sehemu ya Map. Kichujio hiki husukuma pikseli za ukuta kulingana na mwanga wa picha nyingine. Kipe nakala ya uso iliyoondolewa rangi na kutiwa ukungu kwa Gaussian Blur, ili vinyweleo na vinyweo visisukume chochote. Kijivu cha 128 hakisukumi, na kadiri thamani inavyokwenda mbali na hapo msukumo unaongezeka. Pikseli 10 hadi 20 zinatosha kwa picha ya A3. Ukizidisha, nyufa hupinda kama maji ya mto.

Rangi sasa. Picha mbili zilizopigwa siku mbili tofauti kwa kamera mbili tofauti zina weupe wa aina mbili, mmoja wa samawati na mwingine wa manjano, na hilo huzisaliti. Ongeza leya moja tupu juu ya zote, ijaze rangi moja uliyoichovya kutoka kwenye picha ya asili ya ukuta, na uiweke kwa Soft light yenye Opacity ya 10 hadi 15. Mimi nilichovya kutoka kwenye doa la manjano lililofifia karibu na boriti, na uso na ukuta vikaingia ndani ya saa moja ya siku. Juu ya hapo ongeza chenga nyepesi, yaani nukta ndogondogo zilizotawanyika ovyo, kwa kichujio cha Noise kwenye leya ya kijivu cha 128 iliyowekwa kwa Overlay, kwa sababu kila kamera ina chenga zake, na chenga za pamoja hufunika tofauti hizo.

Hifadhi kazi kama XCF, faili la GIMP linalotunza leya na maski zote, na utoe nakala ya TIFF au PNG kwa ajili ya mchapishaji. JPEG iwe ya kutumia mtandaoni tu, maana kila unapoihifadhi upya inapoteza kidogo. Kabla ya kulipia karatasi kubwa, kata kipande cha uso chenye jicho la upande wa kivuli, ukichapishe kwenye A4 kwa ukubwa ule utakaotumika, na ukitazame dirishani mchana. Karatasi haitoi mwanga kama skrini, kwa hiyo sehemu za giza huzama zaidi. Kipande cha shangazi kilirudi bila kope ya chini, nikafungua XCF, nikapandisha thamani za kivuli kidogo sana kwa Curves, chombo kingine cha menyu ya Colors, nikachapisha kipande kingine, na kope ikawepo.